Tuvuke: Sisi Ipi?

Somo la wiki: Marko 4:35 hadi 5:20



Safari ile ya usiku katika bahari ya Galilaya ilianza kwa neno moja la Yesu, nalo ndani yake lina silabi ambayo wasomaji wengi huipita bila kuiona: tuvuke. Hakuwaambia wamvushe. Hakuwaambia watangulie, yeye atafuata. Alijiingiza katika kitenzi kimoja na watu aliokuwa anawaambia. Saa chache baadaye upepo umechafuka, chombo kinajaa maji, na wanafunzi wale wale wanamwamsha wakitumia silabi ile ile: tunaangamia. Wiki hii nawaomba mkae na hizo "tu" mbili, kwa sababu naamini si moja. Ya kwanza ilikuwa pana kuliko ya pili, na maumivu mengi ya maisha yetu ya kanisa yanaingia katika nafasi iliyo kati yake.

Kiswahili hakituonyeshi tofauti hiyo. Kigiriki alichoandikia Marko nacho hakiionyeshi. Ziko lugha, hata hivyo, ambazo msemaji wake hawezi kutamka "sisi" kabla hajaamua jambo moja: je, huyu ninayesema naye yumo, au hayumo? Majirani zetu wa ng'ambo ya bahari, watu wa Madagaska, wana isika na izahay. Isika ni sisi pamoja na wewe unayenisikiliza. Izahay ni sisi bila wewe. Mgeni akikuta familia inaandaa chakula, mwenyeji akasema "sasa tunakula" kwa isika, mgeni ananawa mikono. Akisema kwa izahay, mgeni anajua saa ya kuaga imefika. Wasomali wana innaga na annaga, na ndugu zetu wa kaskazini mwa Kenya husikia tofauti hiyo kila siku sokoni. Wamalei na Waindonesia wana kita na kami. Huko Papua New Guinea, katika lugha ya Tok Pisin, wana yumi na mipela. Nitarudi kwa hiyo yumi, kwa sababu imeshika jambo ambalo mimi nimelitafuta katika vitabu vya theolojia na nimelikuta wazi zaidi katika sarufi.

Hebu mfikirieni mtafsiri wa Biblia katika mojawapo ya lugha hizo anapofika Marko 4:38. Sisi tunasoma "tunaangamia" na kusonga mbele. Yeye hawezi. Kalamu yake inasimama. Wanafunzi wanamwambia Yesu kwamba wanaangamia: je, na Yesu anaangamia pamoja nao? Akiandika "sisi" ya kumjumuisha, amesema kwamba watu wale walimwona Bwana yumo hatarini kama wao, chombo kikizama na yeye atazama. Akiandika "sisi" ya kumwacha nje, amesema kwamba walimwona kama mtu aliye pembeni ya maafa yao, mwenye uwezo ambao hautumii, aliyelala wakati wao wanakufa. Hakuna neno la katikati la kumwokoa mtafsiri. Lazima amhukumu moyo mwanafunzi kabla ya kuandika sentensi.

Wapo wanaosoma kwamba walimhesabu ndani, na sababu yao ni nzito: maji hayachagui, na Yesu alikuwa shetrini mwa chombo kile kile, kichwa juu ya mto, nguo zake bila shaka zimelowa. Lakini mimi nasoma vingine. Angalieni walichomwuliza kabla ya kusema wanaangamia. Walimwuliza kama hajali. Mtu unayemhesabu kati ya wanaozama humwulizi kama anajali. Unamwambia aamke ajiokoe. Swali la "hujali?" huulizwa mtu aliye ufukoni. Mdomoni mwao Yesu alikuwa ameshatolewa chomboni. Alipoanza safari alisema tuvuke, naye yumo. Dhoruba ilipokuja walibaki na "tu" ya kwao peke yao.

Nimekaa na wagonjwa wengi, na nimekaa na wafiwa. Sala ninayoisikia mara nyingi zaidi ni hii hii. Siilaumu. Mama aliyekesha wodini na mtoto mwenye degedege anaposema "Mungu, unatuona tunavyoteseka?" anasema kama Petro na wenzake walivyosema. Anamwona Mungu kama mtazamaji. Injili haimkemei kwa kuuliza. Inamwonyesha tu kwamba mwenye kuulizwa alikuwa amelala ndani ya chombo hicho hicho, na kwamba tangu Bethlehemu jina lake ni Imanueli. Katika Biblia ya Kimalagasi jina hilo limefasiriwa kwa "sisi" ya kujumuisha: Mungu pamoja na amintsika, sisi wote, msemaji na msikilizaji. Mathayo asingeweza kusema vingine, kwa sababu habari hiyo haina mtu wa kuachwa nje.

Kuna jambo lingine katika mstari wa 36 ambalo mahubiri mengi ya dhoruba hulisahau. Marko anasema kulikuwa na vyombo vingine pamoja naye. Anavitaja mara moja tu, kisha havitajwi tena. Upepo ulivipiga hivyo pia. Ndani yake walikuwemo watu, pengine wenye watoto, pengine wasiojua kwamba aliyeweza kuutuliza upepo alikuwa hatua chache kutoka kwao. Wanafunzi waliposema tunaangamia, hakuna dalili kwamba waliwahesabu. Hofu ina tabia ya kupunguza idadi ya watu katika neno "sisi". Lakini Yesu alipoukemea upepo na kuinyamazisha bahari, shwari haikutandwa kuzunguka chombo kimoja. Watu wa vyombo vile vingine waliokolewa na sala ambayo haikuwataja.

Sasa nirudi kwa yumi ya Papua. Limeundwa kwa maneno mawili yaliyounganishwa, "wewe" na "mimi". Ndiyo maana yake nzima: ukisema yumi umesema wewe-mimi. Mipela imeanza na "mimi" na kuongeza wenzake, lakini "wewe" haimo. Ukizitazama lugha zote zenye sisi mbili, hesabu ndiyo hiyo hiyo hata pale ambapo maneno hayaionyeshi waziwazi: sisi ya kujumuisha ni mimi na wewe, sisi ya kutenga ni mimi na yeye. Kwa hiyo mtu hawezi kutoka nje na kuingia ndani ya sisi yangu kwa mimi kumfikiria tu, au kumhurumia, au kumzungumzia vizuri kikaoni. Anaingia siku anapoacha kuwa "yeye" na kuwa "wewe", maana yake siku ninapogeuza uso na kusema naye.

Na hapo ndipo ninapowaona wanafunzi wakifanya jambo jema bila kujua. Hata katika lawama yao walisema na Yesu. Walimtoa chomboni kwa maneno, lakini walimwita. Lile "hujali?" lina "wewe" ndani yake. Mlango walioufunga kwa kiambishi kimoja waliuacha wazi kwa kingine, na Bwana akapita hapo.

Historia ya Kanisa inao watu walioteseka kwa ajili ya neno "wewe", nami napenda waumini wetu wawajue. Katika Uingereza ya miaka ya 1650, Kiingereza kilikuwa bado na wewe na ninyi kama lugha yetu: "thou" kwa mtu mmoja, "you" kwa wengi. Lakini ilikuwa imeingia desturi ya kumwambia mkubwa mmoja "you", kana kwamba yeye peke yake ni umati, na kubakiza "thou" kwa mtumishi, mtoto na maskini. George Fox na wafuasi wake, wale walioitwa Waquaker na ambao wenyewe hujiita Marafiki, waliona katika desturi hiyo uongo mbele za Mungu. Waliamua kumwambia kila mtu mmoja "thou", hakimu na mfagizi sawasawa. Walipigwa, walifungwa gerezani. Kijana mmoja, Thomas Ellwood, alipigwa na baba yake mzazi kwa kukataa kuvua kofia mbele yake, akatishiwa vibaya kwa kumwita "thou". Mwaka 1660 Fox, pamoja na John Stubbs na Benjamin Furly, alichapisha kitabu kizima cha kuthibitisha kwa mifano ya sarufi na Maandiko kwamba mataifa mengi hutofautisha mmoja na wengi. Wakapanga Kiebrania, Kigiriki, Kiarabu, Kiajemi, Kihabeshi, Kiarmenia, Kiwelishi na nyingine nyingi. Sikijui kitabu kingine cha viwakilishi ambacho waandishi wake walikuwa tayari kwenda gerezani kwa ajili ya hoja yake.

Mnaweza kusema hayo ni ya Wazungu wa kale. Lakini mwaka 1902 wamisionari watatu Marafiki kutoka Marekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nchi yoyote duniani. Ni majirani zetu, tunazikana nao.

Kisa chao kina sehemu ya pili, na hiyo ndiyo inayonisumbua. Kadiri miaka ilivyopita, Waingereza wengine karibu wote waliacha "thou", wakamwambia kila mtu "you", mkubwa kwa mdogo. Usawa ambao Marafiki waliutaka ulikuja kwa mlango wa nyuma. Lakini wengi wa Marafiki, Uingereza na Marekani, waliendelea na usemi wao wa kale miongoni mwao kwa vizazi kadhaa. Neno lililoanza kama mkono wa kumnyooshea kila mtu likawa alama ya kujua nani ni wa ndani. Likawa annaga, sisi ya kutenga. Hawakukusudia. Walikuwa waaminifu kwa baba zao, na uaminifu huo wenyewe ndio uliojenga ukuta.

Sisi tunaosema Kiswahili tumepewa zawadi ambayo Fox aliililia. Wewe yetu ni moja. Kiambishi "u" ninachomwambia mjukuu wangu ndicho ninachomwambia askofu na rais. Heshima tunaiweka mahali pengine: shikamoo, mzee, mama, bibi, kaka, ndugu mwenyekiti. Hatumgeuzi mtu mmoja kuwa umati ili tumheshimu. Tunamtafutia nafasi yake katika ukoo. Na tunajua vilevile kwamba "wewe" lililotupwa peke yake bila jina la undugu linaweza kuwa kofi. Watoto wetu hukua wakijua hilo kabla hawajajua kusoma.

Ndugu zetu wa Rwanda wana njia nyingine. Asubuhi humwamkia mtu wa heshima kwa wingi, mwaramutse, na rika au mtoto kwa umoja, waramutse. Kirundi nacho kina desturi hiyo hiyo. Sasa msikilizeni Mnyarwanda huyo huyo akisali Sala ya Bwana. Jina la Mungu analitaja kwa ryawe, jina lako, wewe mmoja. Anayemwamkia jirani yake kwa wingi wa heshima humwendea Muumba wa mbingu na nchi kwa umoja anaoutumia kwa mtoto wake. Kwa Kifaransa jambo hilo lilikuwa na safari ndefu zaidi. Wakatoliki walisali Baba Yetu kwa "vous", wingi wa heshima, huku Waprotestanti wakisema "tu". Mwaka 1966 makanisa yalikubaliana sala moja ya pamoja, na ikawa kwa "tu". Wazee wa Kongo na Burundi waliokuwa wakisali kwa Kifaransa kanisani Katoliki kabla ya hapo walilazimika, wakiwa watu wazima, kuanza kumwambia Mungu neno ambalo wasingethubutu kumwambia mwalimu wao wa shule. Nawaheshimu wazee hao. Kumkaribia Mungu kiasi hicho kwa ulimi uliozoea umbali ni kazi ya imani, na waliifanya kila jioni.

Turudi kwetu. Nimesema Kiswahili hakina sisi mbili. Hiyo ni kweli katika kamusi, lakini moyoni tunazo, na tumezitafutia njia za kutoka. Sikilizeni neno "wenzetu". Kwa asili yake ni neno tamu: mwenzangu ni wa safari moja nami. Lakini tunapotangaza kanisani kuhusu "wenzetu wa mtaa wa chini", au tunapozungumza juu ya "wenzetu waliobahatika", mara ngapi maana yake ni watu ambao si sisi? Au sikilizeni "wale". Vijana wa bodaboda wanaoegesha nje ya geti wakati wa ibada ya pili tunawaita wale. Wapangaji waliohamia karibuni ni wale. Binti aliyerudi nyumbani na mimba, kwenye kikao cha wazee, anakuwa yule. Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyetukana. Ni kiwakilishi tu. Lakini mtu anaweza kukaa miaka mingi katika usharika akiwa nafsi ya tatu.

Kiswahili hicho hicho kinajua pia kupanua. Mtu mmoja akisema "tulikuja na mke wangu", hatuulizi wengine walikuwa nani. Tunaelewa kwamba "tu" ile ni yeye na mkewe, amemwingiza mwenzake ndani ya kitenzi kabla hajamtaja. Mtu anayeishi peke yake katika chumba cha kupanga atakuambia karibu kwetu. Hasemi kwangu, au akisema, tunasikia upweke. Nyumbani, kwa Kiswahili, ni mahali penye wingi. Na tunapoita watu wengi kwa safari, hatusemi twende tu, tunasema twendeni, tukiongeza ile "ni" ili kila mmoja ajue kwamba ameitwa. Hiyo ndiyo sarufi tuliyorithi, na ni sarufi ya watu waliojua kukaribisha.

Naomba tuiangalie na Sala ya Bwana kwa jicho hilo. Katika Mathayo 6 Yesu anamwambia anayetaka kusali aingie chumbani mwake na kufunga mlango, na hapo anasema kwa umoja, wewe. Mistari michache baadaye anafundisha maneno, nayo yote ni ya wingi: Baba yetu, utupe, utusamehe. Mtu yuko peke yake, mlango umefungwa, na sala inamjazia chumba watu.

Watu gani? Hapa lugha zenye sisi mbili zinatufundisha tena. Katika Kimalagasi huwezi kusali Baba Yetu kwa sisi ya kujumuisha, kwa sababu ungekuwa umesema Mungu ni Baba yake mwenyewe. Kwa hiyo husema Rainay, Baba wa sisi bila wewe. Wamalei husema Bapa kami kwa sababu hiyo hiyo. Kwa mara moja sisi ya kutenga imetumika kitakatifu. Lakini angalieni ni nani aliyetengwa: ni yule anayeambiwa, Mungu mwenyewe, na hakuna mwingine. Hakuna kiumbe ambaye sarufi ya sala hiyo imemtoa.

Biblia nzima ya Kimalagasi ilichapwa Antananarivo mwaka 1835. Mwaka huo huo Malkia Ranavalona wa Kwanza alipiga marufuku ibada ya Kikristo kwa watu wake. Mwaka 1837 mwanamke aitwaye Rasalama aliuawa kwa mkuki kwa sababu ya imani yake, na wengine wakamfuata katika miaka iliyotangulia kifo cha malkia mwaka 1861. Waumini waliobaki walisali kwa siri. Kila waliposema Rainay, malkia aliyewawinda hakuwa ametengwa na neno hilo. Askari wake walikuwa ndani yake. Sijui kama kila aliyesali alilifikiria hilo. Midomo yao, hata hivyo, ililisema.

Bwana aliitumia tofauti ya mmoja na wengi kwa uangalifu mkubwa. Katika Luka 22, usiku wa mwisho, anamwambia Simoni kwamba Shetani amewataka ninyi nyote awapepete, kisha anasema, nimekuombea wewe. Msomaji wa Kiingereza cha leo hupita hapo bila kuona lolote, maana kwake ninyi na wewe vimekuwa neno moja. Sisi tunaona. Hatari ni ya wote, maombi yametajwa kwa mmoja, na papo hapo mmoja huyo anapewa kazi kwa wote: atakapoongoka awaimarishe ndugu zake. Nimewahi kusikia mtu akijivunia kwamba Mungu amemtendea yeye binafsi. Ni vema. Lakini "wewe" ya Mungu daima ina "ninyi" nyuma yake inayosubiri.

Rudini sasa kwenye chombo, mstari wa 41, kwa maana kuna jambo linalonihuzunisha hapo. Bahari imetulia. Wamepona. Na wanafunzi wanafanya nini? Wanaambiana wao kwa wao: ni nani huyu? Huyu. Yuko mbele yao, ametoka tu kuwaokoa na kuwauliza kwa nini wanaogopa, wala hawamjibu. Katika dhoruba walimwambia wewe. Katika shwari wanamzungumzia kama nafsi ya tatu. Ninajua waumini, na najua wachungaji, waliosali kwa machozi walipokuwa mahakamani au wodini, na mambo yalipokaa sawa wakawa wanamzungumzia Mungu vizuri sana, kwa ushuhuda mrefu, huku wameacha kusema naye. Jumuiya zitakapokutana wiki hii, nawaomba viongozi baada ya kusoma somo waache nafasi ya sala ambayo kila neno lake linamwambia Mungu wewe, bila maelezo juu yake. Katika Sala ya Kanisa ya Jumapili nitataja vyombo vile vingine kwa majina: wale walio nje ya geti. Kabla ya Jumapili hiyo naomba wazee wa kanisa wawe wameshakwenda kusema nao, ili tunapowataja tuwe tunawajua, nao watujue.

Walipofika ng'ambo, katika nchi ya Wagerasi, alikuja kuwalaki mtu mmoja kutoka makaburini. Hakuna aliyeweza kumfunga hata kwa minyororo. Yesu alimwuliza jina lake, kwa umoja: jina lako wewe. Jibu lake ni sentensi iliyovunjika katikati. Inaanza na jina langu na kuishia na tu wengi. Legioni, alisema, jina la kikosi cha Kirumi cha askari 5,000 na zaidi. Mimi yake ilikuwa imemezwa na sisi ambayo haikuwa ya watu wake. Hata Marko anapoendelea kusimulia anachanganya: mmoja anamsihi Yesu asiwafukuze wao. Ipo sisi ya namna hiyo duniani, inayomla mtu badala ya kumpokea, na vijana wetu wengine wako ndani yake. Aliyemvukia bahari alimwamuru pepo amtoke, lakini hakuishia hapo. Alimwuliza mmoja anaitwa nani.

Wenyeji walikuja, wakamkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, wakaogopa. Wakaanza kumsihi Yesu aondoke mipakani mwao. Sisi yao haikuwa na nafasi yake. Yule aliyepona akaomba kinyume, aruhusiwe kuwa pamoja naye, na mtu yeyote angetegemea jibu la "karibu, tuvuke". Yesu alimkatalia. Alimtuma nyumbani, kwa watu wa kwao, akawaeleze Bwana alivyomtendea. Mtu aliyelala makaburini kwa miaka alirudishwa mahali ambapo Kiswahili hupaita kwetu, kwa watu wale wale waliomfunga minyororo na ambao sasa walikuwa wamemfukuza mwokozi wake.

Alikwenda. Alianza kutangaza katika Dekapoli, ile miji kumi. Sura mbili mbele, katika Marko 7, Yesu anarudi kupita katika nchi hiyo ya Dekapoli. Watu wanamletea kiziwi mwenye utasi, nao wanamsihi amwekee mkono.